Jiwe la Bismarck na Furu Waliopotea

Ukitembea kandokando ya ziwa pale Mwanza mjini, sehemu za Kamanga ambako feri ya kwenda Sengerema inatia nanga, huwezi kulikosa lile jiwe. Limekaa juu ya wenzake ndani ya maji kama mtoto aliyepanda mgongoni mwa kaka zake ili aone mbali. Maharusi wanapigwa picha mbele yake, wageni wanapigwa picha, na sisi tuliokulia hapa tumeliona kwenye kalenda tangu hatujajua kusoma. Wataalamu wa miamba wanasema mawe haya ya Mwanza yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2. Jina, hata hivyo, lina miaka mia na kitu tu. Linaitwa Jiwe la Bismarck, na maji yanayolizunguka yanaitwa Ziwa Victoria. Kansela wa Ujerumani na malkia wa Uingereza: hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika hapa. Ziwa lilipewa jina hilo na Mwingereza John Speke, aliyelitazama kwa mara ya kwanza kutoka upande wetu huu wa kusini tarehe 3 Agosti 1858. Watu aliowakuta walikuwa wakiliita Nyanza, na lilikuwa linawatosha.

Kila ninapoliona jiwe hilo nauwaza mji wa Berlin. Mwezi Desemba 1784, jarida moja la Berlin lilichapisha insha fupi ya mwanafalsafa Immanuel Kant, akijibu swali: kuelimika ni nini? Alijibu kwamba ni binadamu kutoka katika utoto aliojiwekea mwenyewe, ule wa kusubiri mtu mwingine afikiri kwa niaba yake. Thubutu kutumia akili yako mwenyewe, alihimiza. Enzi hiyo inaitwa Zama za Mwangaza, na dunia inayojiita ya kisasa bado inajihesabu kuwa ni mtoto wa mwangaza huo. Ikapita miaka 100. Tarehe 15 Novemba 1884, katika mji uleule wa Berlin, Bismarck alifungua mkutano wa mataifa 14 kupanga masharti ya kuigawana Afrika. Walikaa hadi tarehe 26 Februari 1885. Mezani hapakuwa na Mwafrika hata mmoja. Kifungu cha 6 cha hati waliyoitia saini kinazungumzia kuwaelimisha wenyeji na kuwafanya wazitambue baraka za ustaarabu. Kesho yake, tarehe 27 Februari, Kaisari wa Ujerumani alitoa hati ya ulinzi kwa ajili ya ardhi ambazo Mjerumani Carl Peters alikuwa amezikusanya kwa mikataba ya ujanja, na nchi yetu ikaanza safari ya kuitwa mali ya Mjerumani.

Mji mmoja, karne moja. Maandishi ya kwanza yanamwambia binadamu athubutu kufikiri mwenyewe. Maandishi ya pili yanaamua kwamba mamilioni ya binadamu watafikiriwa na wengine. Simtwishi Kant mzigo wa ukoloni. Ninachotaka ni kukichukua kipimo chake, maana ni kipimo kizuri, na kukiweka juu ya kile tunachokiita maendeleo hapa ziwani. Je, ustaarabu huu wa kisasa umeelimika, au umejifunza tu kutengeneza vitu?

Kiswahili chenyewe kinabeba alama za swali hili. Neno ustaarabu linatokana na kustaarabu, yaani kuwa kama Mwarabu. Watu wa pwani walilitumia kujitofautisha na sisi wa bara, ambao walituita washenzi. Mwarabu alipoondoka kwenye kiti, kipimo kikahamia kwa Mzungu, na neno likabaki lilelile. Maendeleo ni neno lenye haki zaidi, kwa sababu halimtaji mtu wala kabila. Linatoka katika kuendelea, yaani kutosimama. Lakini halituambii tunaelekea wapi. Msafiri anaendelea na safari, mgonjwa anaendelea vizuri, na moto ulioshika nyasi nao unaendelea. Azimio la Arusha la 1967 lilijaribu kuziba pengo hilo. Lilisema ili tuendelee tunahitaji watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora, na likasema waziwazi kwamba fedha si msingi wa maendeleo. Tulikariri vitu hivyo vinne darasani hadi vikawa wimbo. Nadhani ndiyo maana tulivisahau.

Kesi yenyewe kwangu ni furu.

Wadogo zangu wengi hawamjui. Furu ni samaki mdogo wa kulala kwenye kiganja, na kabla ya miaka ya 1980 ndiye aliyekuwa mwingi kuliko samaki wote wa ziwa hili. Wataalamu wanakadiria kulikuwa na aina zaidi ya 500. Aina moja ilikula mwani, nyingine konokono, nyingine wadudu, nyingine iliishi kwa kubandua magamba ya samaki wenzake, na nyingine ilivizia mayai na vitoto vya majirani. Mama furu haachi mayai yake chini. Anayabeba mdomoni mpaka vitoto vitoke, na hata vikishatoka, hatari ikitokea vinarudi kujificha mdomoni mwake. Matope yaliyochimbwa chini ya ziwa yanaonyesha kwamba ziwa lote lilikauka yapata miaka 15,000 iliyopita, kisha likajaa upya. Ndiyo maana wanabiolojia wa dunia nzima wanaduwaa mbele ya furu: utajiri wote ule wa maumbile, kwa maelezo ya wengi wao, ulichanua kwa kiasi kikubwa ndani ya muda huo mfupi, hapa kwetu, wala si mahali pengine.

Maofisa wa kikoloni walimwita samaki takataka. Alikuwa mdogo, ana miiba, hapendezi kwenye sahani wala kwenye vitabu vya hesabu. Walitaka samaki mkubwa atakayewala hao takataka na kuwageuza kuwa nyama ya kuuzika. Hapa ndipo kipimo cha Kant kinapobana, kwa sababu onyo lilikuwepo. Mtafiti wa Kiingereza Michael Graham, aliyelipima ziwa hili mwishoni mwa miaka ya 1920, alitahadharisha juu ya hatari ya kuleta mlaji mkubwa kutoka maji mengine. Mwaka 1960 mwenzake Geoffrey Fryer aliandika makala nzima kupinga wazo la kuleta sangara. Nao walikuwa watoto wa sayansi hiyohiyo ya mwangaza, tena wanazungumza kwa ushahidi. Lakini sangara tayari alikuwa amekwisha kumwagwa upande wa Uganda katikati ya miaka ya 1950, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaongezwa. Samaki anayeweza kufika urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 200 akaingizwa kwenye nyumba ya samaki wa kiganja.

Kwa miaka karibu ishirini hali ilionekana tulivu. Kisha, miaka ya 1980, sangara akalipuka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi walikuwa wameanza kazi hapa kwenye Ghuba ya Mwanza tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Walikuja kujifunza maisha ya furu. Wakajikuta wanaandika taarifa za msiba. Ndani ya miaka isiyofika kumi, nyavu zilizokuwa zinapanda zimejaa furu zikaanza kupanda bila furu. Aina zinazokadiriwa kufika 200 zilitoweka au zikawa adimu kiasi cha kutoonekana. Chache zilikuja kuonekana tena miaka ya 1990. Nyingi hazikurudi.

Haki itendeke, sangara hakuwa peke yake. Udongo wa mashamba yaliyovuliwa miti, mbolea, maji taka ya miji, vyote viliingia ziwani na kulirutubisha kupita kiasi. Mwani ukastawi, maji yakawa ya kijani na mazito, hewa ikapungua kule chini. Na hapa kuna jambo ambalo tangu nilisome halijanitoka. Jike la furu humchagua dume kwa rangi. Dume wa aina hii ni mwekundu, wa aina ile ni wa buluu, na jike anawatofautisha kwa macho. Maji yalipokuwa mazito, mwanga haukufika, rangi hazikuonekana, na aina zilizoishi jirani kwa maelfu ya miaka bila kuchanganyikana zikaanza kuzaliana na kuyeyuka kuwa kitu kimoja. Hakuna aliyewavua. Walipotea kwa kutoonana.

Katika hesabu za nchi, miaka hiyo ilikuwa ya neema. Viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, ndege zikabeba samaki kwenda Ulaya, vijana wakapata ajira, nyumba za bati zikachomoza kwenye visiwa ambavyo havikuwahi kuwa na bati. Sidharau bati. Lakini wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika daftari lile la neema sijaona safu iliyoandikwa furu. Haikuandikwa kwamba furu alikauka kwa jua tu, mama akimwanika asubuhi na kumwanua jioni, wakati sangara ana mafuta mengi, jua halimkaushi, lazima abanikwe au akaangwe. Kila tani ya sangara aliyebaki kwa wenyeji ilidai kuni. Miti ya visiwani na ya mwambao ikalipa deni ambalo hakuna aliyeliona likikopwa.

Kuna mama mmoja ninayemfahamu anayekaanga mapanki jioni, upande wa Igogo. Kwa wasiojua, panki ni kile kinachobaki sangara akishatolewa minofu kiwandani: kichwa, mfupa wa mgongo, mkia, na nyama ile nyembamba ambayo kisu hakikuifikia. Mama analigawa panki kwa shoka dogo, anatumbukiza kichwa kwenye karai, mafuta yanapiga kelele, moshi unamwingia machoni anaufuta kwa kiwiko maana vidole vina chumvi. Watoto wanakuja na sahani za plastiki. Anajua nani mama yake anaumwa, nani wa kuongezewa kipande. Siku moja nikamuuliza, "Mama, minofu yenyewe umewahi kuionja?"

Akageuza kichwa cha sangara kwenye mafuta. "Mwanangu, minofu inapanda ndege."

Hakuisema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayekuambia mvua inatoka mbinguni. Na bondo, kile kibofu cha hewa cha sangara, linauzwa kwa bei ambayo nyama haiisogelei, linasafiri hadi China. Kwa hiyo samaki mmoja anagawanyika njia tatu, na njia inayoishia kwenye sahani ya mtoto wa Igogo ni ile ya mfupa. Ulaya ilipozuia samaki wetu mara kadhaa kati ya 1997 na 1999 kwa hofu ya vijidudu na sumu, viwanda na mialo, yaani sehemu za kushushia samaki, vilisafishwa, maabara zikaimarishwa, wakaguzi wakaonekana. Ninafurahi kwamba vilisafishwa. Ninaumia kwamba tumbo la mlaji wa mbali lilisikika namna ile, wakati Mto Mirongo unapita katikati ya mji wetu umebeba taka, na watoto wanacheza kandokando yake.

Naomba nisieleweke vibaya, kwa sababu wapo waandishi wanaoulaani usasa wakiwa wamekaa chini ya feni. Mwaka 2009 dada yangu alishikwa na uchungu usiku, upande wa Sengerema. Kituo walikomfikisha kwanza hawakuweza kumsaidia, wakaambiwa wamkimbize Mwanza. Walipofika Busisi kivuko kilikuwa kimefunga kazi. Walisubiri pale hadi alfajiri, na taa za upande wa pili wanaziona. Mtoto alizaliwa ndani ya gari, akaishi saa chache. Leo kati ya Kigongo na Busisi kuna daraja la urefu wa kilomita 3, lililofunguliwa Juni 19, 2025, na tunavuka kwa dakika chache, usiku wa manane au mchana. Mara ya kwanza nilipolivuka nililia. Atakayeniambia kwamba daraja lile ni upuuzi, au kwamba chanjo ya surua ni upuuzi, au kwamba hospitali ya Bugando kule juu ya mwamba ni upuuzi, hatutasikilizana kamwe.

Lakini ninachokiona ni kwamba akili iliyojenga daraja na akili iliyomwaga sangara ni akili moja. Inajua kutengeneza. Inajua kuongeza, kurefusha, kuharakisha. Pale inapotakiwa kuuzuia mkono wake yenyewe, inakuwa changa, na changa ndilo neno la Kant hasa. Graham na Fryer walithubutu kutumia akili zao. Mfumo uliowalipa mshahara haukuthubutu kuwasikiliza, kwa sababu samaki mkubwa alikuwa na bei na furu hakuwa nayo. Kuelimika hakupimwi kwa wingi wa ujuzi ulionao. Kunapimwa siku ujuzi huo unapokuambia acha, na faida inakuambia endelea.

Sasa twende Ukara. Nchi nzima ilikisikia kisiwa hicho Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu kabisa na kisiwa, kikiwa kimebeba watu wengi kupita uwezo wake, na ndugu zetu zaidi ya 220 wakafariki. Msiba ule ulikuwa mkubwa. Ninachosikitikia zaidi ni kwamba kwa wengi wetu Ukara ilianzia na kuishia hapo, ilhali kwa miaka mingi wataalamu wa kilimo wamekuwa wakivuka maji kwenda kujifunza kwa Wakara. Kisiwa ni kidogo, kina mawe, udongo wake ni mchanga hafifu, na watu wamejaa. Kwa mujibu wa kila nadharia ya shule, ardhi ile ilipaswa kuwa imekwisha kufa. Haikufa. Wakara waliwafuga ng'ombe ndani, katika zizi lililochimbwa chini kama shimo, wakawaletea majani na maji, na samadi yote ikakusanywa na kubebwa shambani kwa kichwa. Katikati ya uwele walipanda mmea wa jamii ya marejea, wakaufukia kuurutubisha udongo. Walijenga kingo za mawe kuzuia mmomonyoko. Miti ilikuwa na wenyewe, mti mmoja mmoja, na ukikata wa mtu unajibu.

Hiyo ni sayansi. Ilikuwa na majaribio, ilikuwa na kushindwa, ilikuwa na kumbukumbu ya kizazi hadi kizazi. Haikuwa na maabara wala ndege. Nisiipambe: maisha ya Mkara yalikuwa kazi tangu alfajiri hadi giza, na vijana wengi walihama kwenda bara kutafuta ardhi pana, ambako wakaacha kulima kwa namna ile kwa sababu hapakuwa na haja. Ila ndani ya kisiwa chao walikuwa na kitu ambacho mawazo ya maendeleo tuliyoyarithi hayana: walijua ukingo uko wapi. Ukisimama kilimani Ukara unaona maji pande zote. Unajua hakuna shamba jingine.

Usukumani nako lilitokea jambo la kufunza. Miaka ya 1920 na kuendelea, serikali ya Mwingereza ilihamasisha watu kukata vichaka na misitu maeneo makubwa ya Shinyanga na jirani zake ili kuwafukuza mbung'o. Lengo halikuwa baya, maana mbung'o waliua ng'ombe na watu. Ongeza pamba iliyodai mashamba mapya, ongeza mifugo, halafu miaka ya 1970 ongeza kuhamishiwa vijijini ambako watu waliacha maeneo yao ya asili waliyoyatunza wenyewe. Ikafika mahali Shinyanga ikaitwa jangwa. Wasukuma walikuwa na desturi ya ngitili: unatenga eneo, unalifunga mvua zikianza, ng'ombe hawaingii, nyasi na miti inakua, kisha kiangazi kikikaza unalifungua kidogo kidogo. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza mwaka 1986, ulijaribu mambo kadhaa, na kilichofanya kazi zaidi kilikuwa hicho ambacho bibi na babu walikijua. Ngitili zikafufuliwa hadi kupita hekta 300,000. Miti ilirudi yenyewe, kutoka kwenye mizizi iliyokuwa imelala ardhini muda wote ule. Ninaipenda sana habari hii kwa sababu ndani yake watu wenye shahada waliinama wakauliza wazee. Hapo ndipo ningetumia neno kuelimika bila kusita.

Kuna upande mwingine ambao ni lazima niuandike ingawa unauma. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 Kanda ya Ziwa ilitajwa duniani kwa mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Magazeti ya nje yaliandika kwamba ni ushirikina wa kale wa Waafrika, giza ambalo maendeleo bado hayajalifikia. Sisi nasi tukaitikia kwa aibu. Lakini watafiti waliofuatilia walionyesha jambo tofauti: mahitaji yale ya viungo yalihusishwa na machimbo ya dhahabu na biashara ya samaki, na watu waliotaka kutajirika haraka, wakiuziwa bahati na waganga waliokuwa nao wamegeuka kuwa wafanyabiashara. Mwanadamu alitiwa bei kama bondo. Yule mteja wa mganga alikuwa na simu mfukoni na bei ya dhahabu ya dunia kichwani. Sisemi mila zetu zilikuwa safi. Watu wenye ualbino walitengwa na kunyanyapaliwa tangu zamani. Nasema ukatili huu mahususi, kwa kiwango hiki, ulizaliwa mchana kweupe, katikati ya harakati zilezile tulizoziita maendeleo. Na dhahabu hiyohiyo wachimbaji wadogo wa Geita wanaikamata kwa zebaki, kwa mikono mitupu, wakati dunia imejua madhara ya zebaki tangu watu wa Minamata kule Japani walipopooza na kufa miaka ya 1950.

Usiku wa giza, ukisimama Kirumba Mwaloni ukatazama ziwani, utadhani kuna mji mwingine kule majini. Ni taa za wavuvi wa dagaa. Zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni za betri na sola. Dagaa wanaufuata mwanga, wanapanda juu kwa maelfu, wanazunguka taa wakimetameta, na wavu unawafunga kutoka chini. Mbalamwezi ikitoka wavuvi wanapumzika siku kadhaa, wanashona nyavu, wanacheza bao. Niliwahi kumuuliza mmoja kwa nini. Akanijibu kwamba mwezi ukiwaka maji yote yana mwanga, kwa hiyo taa haina cha kumwitia dagaa. Nimelitafakari jibu hilo mara nyingi kuliko vitabu kadhaa nilivyosoma. Kwa miaka mia na zaidi tumefundishwa kwamba nuru ina chanzo kimoja, ng'ambo ya maji, na kazi yetu ni kupanda kuelekea kwake. Ukara kulikuwa na nuru. Kwenye ngitili kulikuwa na nuru. Kwenye makala ya Fryer ya 1960 kulikuwa na nuru vilevile, na Mwingereza mwenzake hakuifuata.

Mwaka jana nilihudhuria mkutano wa kijiji kimoja cha mwambaoni, upande wa Magu. Ajenda ilikuwa vizimba, yaani ufugaji wa sato kwenye nyavu kubwa zinazoelea ziwani. Ni mpango ambao serikali inauhimiza kwa mikopo, na kwa kweli una mantiki: samaki wa porini wamepungua, vijana hawana kazi, na mtu anayefuga hahitaji kufukuzana na sangara wachanga kwa nyavu haramu. Mtaalamu aliyekuja alikuwa kijana mwenye adabu, amejiandaa vizuri, ana picha kwenye karatasi kubwa. Alieleza idadi ya vifaranga, chakula, miezi ya kuvuna, faida. Watu walipiga makofi. Nami nilipiga.

Mzee mmoja, mvuvi wa tangu enzi za mitumbwi ya kushona, akanyoosha mkono. Akaamkiwa shikamoo na ukumbi, akaitikia, akasimama kwa kushikilia bega la mjukuu.

"Baba," akamwambia yule kijana, "hao sato wako watakula, na waliokula lazima wanye. Na chakula kingine hawatakimaliza. Hivyo vyote vitakwenda wapi?"

"Mzee wangu, swali zuri. Ndiyo maana tunaviweka mahali penye mkondo. Mkondo utavichukua."

Mzee akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Akageuka taratibu, akanyoosha fimbo kupitia dirisha, kuelekea ufukweni, ambako wasichana wawili walikuwa wameinama kwenye maji wakijaza ndoo za njano.

"Na mkondo unaelekea wapi?"

Kijana alitazama karatasi zake. Mwenyekiti akamwomba aliandike swali hilo, na aliliandika, nilimwona, kwa herufi kubwa juu kabisa ya ukurasa mpya.